Baiskeli Tutapokezana, PIN Hapana

Shule zikifungwa Agosti, nyumba yetu ya Kisauni hubadilika. Mwaka mzima tuko wawili tu, Babu na Nyanya, na redio. Halafu wajukuu watano wanashuka na mabegi yao, na kuanzia hapo hakuna chumba wala sufuria iliyo yetu. Mkubwa ni msichana wa miaka 14. Anafuatwa na mvulana wa 12, kisha wa 10, wa 8, na kitindamimba wa 6 ambaye huuliza maswali mpaka usingizi umchukue katikati ya swali.

Likizo yenyewe ni wiki tatu na siku kadhaa, lakini sisi twaiita mwezi. Mwaka huu tulizunguka Mombasa, tukaingia mashindano ya baiskeli ya mtaa, na tukapoteza Sh2,700 kwa chini ya dakika tano. Tumekubali kulisimulia hilo la mwisho pia. Aibu ndiyo iliyotuchelewesha kuchukua hatua, na tunajua hatuko peke yetu.

Pesa za mwezi

Watoto wetu watatu huchangia. Wa Nairobi alituma Sh12,000, wa Doha akatuma Sh10,000, na wa Changamwe Sh8,000. Zote ziliingia kwenye simu ya Nyanya, jumla Sh30,000. Usiku huo Nyanya alifungua daftari lake na kugawa: chakula Sh14,000, matembezi Sh9,000, nauli Sh4,000, dharura Sh3,000.

Kesho yake tulikwenda soko la Kongowea kununua mchele, unga, maharagwe na viazi vya mwezi mzima. Zamani tungetoa pesa taslimu kidogo kidogo kwa ajenti, mia tano leo, mia tano kesho, na kila mara ada inakatwa. Siku hizi tunalipa muuzaji kwa namba yake ya till, na tukihitaji taslimu za nauli tunatoa mara moja kwa wiki. Kwa mwezi, tofauti hiyo inanunua mkate wa siku kadhaa.

Hapo Kongowea ndipo kosa letu lilipoanza, ingawa wakati huo halikuonekana kama kosa. Jua lilikuwa kali, foleni ndefu, na Nyanya hakuwa akiyaona vizuri maandishi ya simu. Akampa mjukuu mkubwa simu. "Nilipie hapo, mama." Msichana akauliza namba ya siri. Nyanya akamtajia, kwa sauti, mbele ya gunia la vitunguu na watu watano. Namba yenyewe ilikuwa mwaka aliozaliwa kifungua mimba wetu, kwa hivyo nusu ya ukoo ungeweza kuikisia hata bila kuambiwa.

Matembezi

Jumamosi ya kwanza tulikwenda Fort Jesus. Ada za makumbusho ya taifa hulipwa kupitia eCitizen, si taslimu mlangoni, kwa hivyo tulilipa nyumbani usiku uliotangulia tukiwa tumekaa, badala ya kuhangaika langoni na watoto wanavutana. Babu aliwaeleza kwamba Wareno walianza kuijenga ngome hiyo 1593, na kwamba Waomani waliizingira karibu miaka mitatu kabla ya kuitwaa 1698. Yule wa 8 akauliza walikuwa wakila nini ndani miaka yote hiyo. Babu akasema wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Kukawa kimya kidogo. Halafu tukatoka, tukapita vichochoro vya Mji wa Kale tukila viazi karai na mabuyu, na jibu la Babu likasahaulika.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya bei nafuu kuliko zote. Kuvuka kwa feri ya Likoni ukiwa kwa miguu hakulipishwi, na kwa mtoto ambaye hajawahi kupanda chombo cha baharini hiyo ni safari kamili. Tulivuka, tukarudi, kitindamimba akalia tuvuke tena, tukavuka tena. Baadaye tulikaa chini ya mibuyu ya Mama Ngina tukitazama meli zikiingia bandarini, tukala muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, tukanywa madafu. Muuza madafu hakuwa na till, kwa hivyo tulimtumia kwa namba yake ya kawaida. Aliyetuma alikuwa yule wa 12. Kufikia hapo alikuwa anaijua namba ya siri kama jina lake.

Katikati ya wiki tulikwenda Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, ardhi kavu isiyoota kitu, mpaka Rene Haller alipoanza kupanda mivinje mnamo 1971. Leo ni msitu wenye twiga na kasa wakubwa wa nchi kavu. Watoto walitaka hadithi moja tu, ile ya Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo, akajibandika kwa kobe mzee aliyeitwa Mzee kana kwamba ndiye mama yake. Kitindamimba alimtazama Babu, akasema, "Wewe pia ni Mzee, na sisi ni viboko." Babu alicheka mpaka akakohoa.

Wiki hiyo hiyo yule wa 10 alishikwa na homa. Kipimo na dawa vilikula Sh1,800 za dharura. Tukabaki na Sh1,200 hapo, Sh1,750 za chakula, na Sh3,200 za matembezi ambazo tulikuwa tumeziwekea safari ya mwisho: magofu ya Gedi, kule Watamu. Jumla Sh6,150. Kumbuka hesabu hiyo, tutairudia.

Mbio za kupokezana

Chama cha akina mama wa mtaa wetu huandaa mashindano ya baiskeli kwa watoto wakati wa likizo. Si mashindano makubwa. Ni uwanja wa vumbi, kamba, na filimbi. Kila timu ina watoto wanne na baiskeli moja. Wa kwanza anazunguka, anashuka, wa pili anapanda, mpaka wote wanne wamalize. Hakuna kijiti cha kupokezana. Baiskeli yenyewe ndiyo kijiti.

Wajukuu wetu wanne wakubwa waliunda timu, na kitindamimba akapewa kazi ya kushika bendera. Babu, ambaye ujanani alibeba magunia kwa Black Mamba, alijifanya kocha. Kila jioni aliwapa habari za Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza kuendesha na vijana wa Kikuyu chini ya David Kinjah kabla ya kushinda Tour de France mara nne. Kisha akawarudisha kwenye vumbi.

Baiskeli tulikodisha, fundi akabadilisha tyubu na kukaza mnyororo na breki kwa Sh450. Tatizo lilikuwa kiti. Kikiwekwa juu kwa mkubwa, wa miaka 8 hafiki pedali. Kikiwekwa chini, magoti ya mkubwa yanagonga usukani. Walijaribu kukirekebisha kila wanapopokezana, wakapoteza dakika nzima. Mwishowe wakaamua wenyewe: kiti kikae kimo cha mdogo, wakubwa wasimame kwenye pedali. Na Babu akawapa sheria moja ya kupokezana. Usiachie usukani mpaka mwenzako aseme, "Nimeshika." Walifanya mazoezi mpaka neno hilo likawa la nyumba nzima. Ukimpa mtu kikombe cha chai, "Nimeshika."

Nyanya ndiye mweka hazina wa chama. Ada ya kujiandikisha ilikuwa Sh300 kwa timu, inatumwa kwenye simu yake. Ndiyo, simu ile ile yenye pesa za nyumba.

Jumamosi asubuhi

Siku ya mashindano timu 18 zilijitokeza. Nyanya alikuwa jikoni na wenzake wakichemsha chai, kwa hivyo simu na daftari vilikuwa mezani kwa yule mjukuu wa 12. Kazi yake ilikuwa rahisi: meseji ikiingia, andika jina la timu, weka alama. Meseji ziliingia moja baada ya nyingine.

Mnamo saa tatu na nusu ikaingia meseji ya Sh3,000. Ilifanana na zile nyingine kwa maneno, ila jina halikuwa kwenye orodha. Kabla hajamaliza kuisoma, simu ikalia. Mwanamume, sauti ya upole. "Shikamoo mama." Kijana akasema yeye si mama, ni mjukuu. "Aa, mjukuu mzuri. Nimetuma pesa kimakosa, zilikuwa za dawa za mtoto, niko hapa hospitali. Nirudishie Sh2,700, baki na mia tatu ununue soda. Fanya haraka, tafadhali, daktari anasubiri."

Kijana wetu alimuonea huruma. Tumemlea hivyo. Akatuma.

Dakika chache baadaye alijaribu kupiga kumwambia yule mtu amwombee mtoto apone. Simu ilikuwa imezimwa. Akaangalia salio, akahesabu, akahesabu tena. Zile Sh3,000 hazikuwepo. Hazijawahi kuwepo. Meseji ilitoka kwa namba ya mtu wa kawaida, si kwa jina la huduma, na alikuwa ameipita haraka asilione hilo.

Hakumwambia mtu. Saa nne filimbi ikalia.

Timu yetu ilianza vizuri kuliko tulivyoota. Dada yake alifungua pengo, wa 10 akalinda, wa 8 akapiga pedali ulimi nje mpaka uwanja mzima ukamshangilia. Walipofika mzunguko wa mwisho walikuwa wa kwanza kati ya timu sita za kundi lao. Yule wa 12 akashika usukani. Hakusema "Nimeshika." Aliendesha kama mtu anayepanda mlima, akapitwa na mmoja, na wa pili, na wa tatu. Tulidhani ni jua. Nyanya alimpelekea maji.

Jioni

Usiku ule tulipika pilau. Hakula. Nyanya akafungua daftari kufunga hesabu za chama. Zilikuwepo Sh6,150 zetu. Ziliingia Sh5,400 za timu 18. Zilitoka Sh960 za maji na Sh2,800 za zawadi, zote kwa till. Zilipaswa kubaki Sh7,790. Simu ilisema Sh5,000 na ushei.

Tukahesabu tena. Dada yake akahesabu. Halafu kutoka pembeni tukasikia, "Ni mimi."

Babu alipandisha sauti. Hatutalificha hilo. Alisema maneno kuhusu akili na kuhusu pesa za watu. Kijana alisimama tu, machozi yanadondoka, hakujitetea. Ndipo Nyanya alipouliza, kwa sauti ya chini, "Na namba ya siri alipewa na nani?"

Babu akanyamaza. Tulikuwa tumempa sisi. Tulimpa dada yake Kongowea, naye akampa kaka yake kwenye muhogo, na yule wa 8 aliijua kwa kusikia tu. Tulikuwa tumeipokezana kama baiskeli. Tofauti ni kwamba hatukuwahi kuuliza nani ameshika.

Tulipiga huduma kwa wateja saa mbili usiku. Walitusikiliza, wakachukua namba ya muamala na namba ya yule mtu, wakafuatilia. Pesa zilikuwa zimetolewa asubuhi ile ile. Tulitoa taarifa polisi pia. Tulipiga baada ya zaidi ya saa kumi. Tungepiga mara tu salio lilipogoma kuongezeka, huenda zingezuiwa, huenda zisizuiwe. Ila mtoto hakuogopa mwizi. Alituogopa sisi, na mwizi alikuwa anategemea hilo.

Nani alilipa

Pesa za chama zilirudi zote, tena usiku ule. Nyanya alichukua Sh1,200 za dharura na Sh1,500 kutoka zile za Gedi. Kilichobaki hakikutosha nauli na viingilio vya watu saba. Gedi ikafutwa.

Jumapili Nyanya aliwaita wenzake wa chama akawaeleza. Angeweza kunyamaza, pesa zilikuwa zimekamilika. Lakini alisema mweka hazina akianza kuficha madogo, makubwa yatafuata. Mjukuu aliomba kwenda naye, akasimama karibu yake, akasema mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Tulitarajia lawama. Badala yake mama mmoja akasema, "Mimi walinichukulia nne mwezi wa tano." Mwingine akasema yeye ni mbili, mume wake hajui mpaka leo. Kumbe tulikuwa tunakaa jirani miaka yote hiyo, kila mmoja amefungia wake moyoni.

Mchezo wa tapeli

Wiki ya mwisho hatukuwa na pesa za safari. Tulitembea mpaka ufuo wa Nyali, tukaoga, tukarudi na mchanga masikioni. Na jioni Babu alibuni mchezo. Alikwenda chumbani na kuipigia simu ya Nyanya kwa simu yake akibadilisha sauti. Siku moja alikuwa mtu aliyetuma pesa kimakosa. Siku nyingine alikuwa afisa wa huduma kwa wateja akitaka namba ya siri "kuhakikisha akaunti." Siku nyingine alimtangazia kitindamimba kwamba ameshinda gari.

Aliyepokea simu alipaswa kusema jambo moja tu kabla ya mengine yote: "Subiri niangalie salio." Ukisahau, unaosha vyombo. Yule wa 12 hakuosha hata siku moja. Kitindamimba alishinda kila mara kwa njia yake. "Babu, ni wewe. Nakusikia mlangoni."

Tulichobadilisha nyumbani

Hatuwezi kukupa ushauri wa kitaalamu, msomaji. Tunaweza kukuambia tulichofanya.

Tulibadilisha namba ya siri, na mpya haihusiani na mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote. Anaijua Nyanya peke yake.

Tulitibu chanzo. Nyanya alitoa namba kwa sababu hakuona. Kwa hiyo tulikuza maandishi ya simu kwenye mipangilio, na tukampeleka akapimwe macho akapata miwani. Sasa mjukuu anaweza kumsomea jina na kiasi, lakini anayebonyeza namba ya siri ni mwenye simu.

Tulitenganisha pesa. Za chama zina laini yake, na wanachama wawili wanakagua hesabu pamoja kila siku ya makusanyo. Za nyumba zina yake.

Meseji ya pesa haituambii kitu mpaka salio liseme vivyo hivyo. Tunaangalia salio wenyewe, kisha tunatazama meseji imetoka kwa nani.

Mtu akidai amekosea kututumia, hatumrudishii sisi. Tunamwambia, kwa heshima, awapigie huduma kwa wateja waombe muamala urudishwe. Mwenye haki hatakasirika. Anayekuharakisha ana sababu ya kukuharakisha.

Na sheria ya mwisho, ambayo kwetu ndiyo kubwa: katika nyumba hii, anayesema mapema hafokewi. Awe mtoto, awe Babu.

Siku ya kuondoka tuliwasindikiza stendi. Yule wa 12 alimkumbatia Nyanya akamnong'oneza kwamba atakusanya pesa za Gedi mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka Agosti ijayo. Nyanya akamwambia Gedi imekaa pale mamia ya miaka, inaweza kungoja mwaka mmoja. Basi likaondoka.

Jioni simu ililia. Namba ngeni, sauti nzito iliyojikaza. "Hujambo mama, napiga kutoka benki, naomba namba yako ya siri."

Nyanya alivaa miwani, akatazama saa. Walikuwa wamefika.

"Subiri niangalie salio," akasema. Upande wa pili wajukuu watano wakapasuka kwa kicheko.